Mwaka mzima wa ndoa, mume wangu hakujua nina pengo

Ijumaa moja usiku, Septemba 2023, tulikuwa tumekaa barazani kwetu Tabata tukila mahindi ya kuchoma. Mume wangu alikuwa ananisimulia vituko vya bosi wake, mimi nimecheka mpaka machozi, hindi mkononi. Nikang'ata. Nikasikia kitu "ta!" ndani ya kinywa. Haikuwa sauti kubwa, yeye hata hakuisikia, lakini mimi niliijua kabla ulimi haujafika pale. Nikafunga mdomo, nikainuka kama mtu aliyekumbuka sufuria jikoni, nikaingia chooni na kujifungia.

Kiganjani nilikuwa na vipande viwili vya plastiki ya rangi ya ufizi. Kimoja kilikuwa na jino. Jino la mbele kabisa, la juu, upande wa kushoto, katikati ya lile tabasamu ambalo mume wangu alikuwa akilisifia tangu tulipoanza urafiki.

Tulikuwa na mwaka mmoja na miezi miwili kwenye ndoa. Hakuwa anajua kwamba jino lile ni la kuvua na kuvaa.

Najua unachojiuliza, msomaji. Utalalaje na mtu kitanda kimoja mwaka mzima asijue? Inawezekana, ukiamua. Nilikuwa nalala nalo, jambo ambalo baadaye daktari alinigombeza sana, maana fizi zinahitaji kupumzika usiku na fangasi wanapenda mno kujificha chini ya ile plastiki. Niliamka kabla yake. Kila asubuhi nilijifungia bafuni dakika 20, mwanaume wa watu akidhani najipodoa. Nyama nilikatakata kwa kisu, embe nilimenya, muwa nilisema tu siupendi. Na kwa wale mnaotaka kujua kuhusu mabusu: kuna mbinu, lakini siziandiki hapa, mhariri ana heshima zake.

Shangazi yangu wa Tanga ndiye aliyenipa neno siku za kufundwa. Nilimuuliza, nimwambie au nisimwambie? Akanijibu, "Mwanangu, mwanamke haanikwi wote siku moja." Nikalifanya sheria. Siku ikawa mwezi, mwezi ukawa mwaka, na kadiri muda ulivyokwenda ndivyo ilivyozidi kuwa noma kusema. Utaanzaje? "Mume wangu, nipasie chumvi, halafu hili jino si langu"?

Jino lililobaki kwenye matope

Jino lenyewe nililipoteza mwaka 2012, nikiwa mwaka wa pili chuoni Morogoro. Bodaboda, mvua, shimo. Nilianguka kifudifudi. Jino lilitoka zima na mzizi wake, nikaliona kabisa limelala kwenye matope. Mtu mmoja aliyekuja kunisaidia akasema niachane nalo, jino likishatoka limetoka. Nikaliacha.

Hapa naomba nisimame kidogo, maana ningelijua hili siku ile pengine nisingekuwa na cha kuandika leo. Jino la ukubwani likitoka zima kwa ajali linaweza kurudishwa. Liokote kwa kushika upande wa kutafunia, usiguse mzizi. Lisuuze kidogo tu, kwa maziwa kama yapo, bila kulisugua. Ukiweza lirudishe pale pale kwenye shimo lake, ung'ate kitambaa safi, ukimbie kwa daktari wa meno. Ukishindwa, litumbukize kwenye maziwa na ukimbie vile vile. Ndani ya saa 1 matumaini ni makubwa. Jino likikauka, chembe hai zilizo kwenye mzizi zinakufa, na kila dakika ina hesabu yake. Meno ya utoto hayarudishwi. Hayo endeleeni kuyatupa juu ya paa kama sisi sote tulivyofanya.

Mimi nilitengenezewa jino la kuvua, lenye kibao cha plastiki kinachokaa kwenye kaakaa. Lilikuwa bei nafuu, na kwa mwanafunzi wa mkopo lilikuwa mkombozi. Lilikusudiwa kuwa la muda tu. Nikalivaa miaka 11.

"Kuna kingine?"

Nilikaa chooni karibu nusu saa, nikafikiria hata gundi ya viatu. Mume wangu akagonga mlango. "Mke wangu, unaumwa?" Nikajibu kwa mguno, mdomo umefungwa. Akagonga tena. Nikafungua, nikamwonyesha kiganja.

Alitazama kiganja, akatazama mdomo wangu, akarudi kwenye kiganja.

"Tangu lini?"

"Tangu chuo."

Akanyamaza. Halafu akauliza swali ambalo mpaka leo silisahau: "Kuna kingine nisichokijua?"

Angecheka ingekuwa nafuu. Angekasirika kwa kelele ningejua pa kushika. Yeye alikwenda kuzima taa za baraza, akalala. Siku ya tatu ndipo aliposema, bila kunitazama, "Yaani muda wote huu mimi nilikuwa nalala, wewe unalinda." Sikuwa na jibu. Wiki nzima tuliongea mambo ya luku na maji tu.

Nilipomwambia nimepata miadi kwa daktari wa meno, alisema, "Nakupeleka. Na naingia ndani." Hakuniuliza kama nataka.

Anayeuza mizizi

Kliniki ya kwanza tuliyokwenda ilituambia nitatoka na jino jipya siku hiyo hiyo. Waliniangalia dakika tano, wakaandika bei. Mume wangu, ambaye kazi yake ni kukagua mahesabu ya watu, akauliza wamejuaje kama litashika. Wakatuambia tusiwe na wasiwasi. Tukaondoka na wasiwasi wetu.

Niwe mkweli: jino la siku moja lipo. Mtu akiwa na mfupa mzuri, daktari anaweza kuweka kipandikizi na kukivika jino la muda siku hiyo hiyo, lisilogusana na meno ya upande wa pili. Lakini hiyo ni habari ya baada ya vipimo. Huwezi kuahidiwa mlangoni.

Daktari wa pili alikuwa dada wa makamo aliyesomea Muhimbili, chuo kilichotoa madaktari wengi wa meno hapa nchini. Yeye alichukua kalamu na karatasi. "Watu wanakuja hapa wakitaka jino," alisema. "Mimi nauza mzizi. Jino linakuja mwishoni kabisa."

Akachora. Kipandikizi ni skrubu ndogo ya madini ya titani, kipenyo chake ni kati ya milimita 3 na 5, urefu wake kwa kawaida ni kama milimita 10 hivi. Hiyo inazamishwa ndani ya mfupa wa taya, mahali palipokuwa na mzizi. Juu yake kinafungwa kiungio, kama shingo fupi inayotokeza kwenye ufizi. Juu ya kiungio ndipo inakuja kofia ya kauri, ambayo ndiyo watu wanaiona na kuiita jino.

Nikamuuliza skrubu inashikwa na gundi gani. Akatikisa kichwa. Hakuna gundi. Mfupa wenyewe, ambao ni kitu hai, unakua na kuing'ang'ania titani, unajijenga kwenye kila kijifereji cha ile skrubu mpaka vinakuwa kama kitu kimoja. Madini mengine mwili huyaona kama mgeni na kuyazungushia utando. Titani mfupa unaipokea. Kazi hiyo inachukua miezi. Kwa kawaida taya la chini miezi kama 3, la juu, ambalo mfupa wake ni laini zaidi, inaweza kufika 6. Hakuna daktari wala hela inayoweza kuuharakisha mfupa.

Jambo hili liligunduliwa kwa bahati. Mwaka 1952, mtafiti wa Sweden aitwaye Per-Ingvar Brånemark alikuwa anachunguza mzunguko wa damu ndani ya mifupa ya sungura. Aliwawekea vidude vidogo vya titani vya kuchungulia ndani. Utafiti ulipokwisha akataka kuvitoa avitumie tena, maana vilikuwa vya gharama. Havikutoka. Mfupa ulikuwa umevikamata. Mwengine angelaani hasara, yeye akajiuliza hiki kitu kinaweza kumfaa nani. Mwaka 1965, mjini Gothenburg, aliweka vipandikizi 4 kwenye taya la chini la Gösta Larsson, mwanaume aliyezaliwa na kasoro ya taya na asiye na meno ya chini. Larsson alifariki mwaka 2006, vikiwa bado vinafanya kazi. Zaidi ya miaka 40! Wenzake Brånemark hawakumwamini upesi. Ni baada ya mkutano wa Toronto wa mwaka 1982 ndipo madaktari wa Amerika Kaskazini walipoanza kuikubali kazi yake.

Nilipenda kile kisa. Mume wangu naye nilimwona amesogeza kiti.

Kampuni inayopunguza wafanyakazi

Habari mbaya ilikuja na picha. Nilipigwa eksirei ya pande tatu, ile mashine inayokuzunguka kichwa, na daktari akatuonyesha kwenye kompyuta. Pale palipokuwa na jino langu, mfupa ulikuwa mwembamba kama ukingo wa sahani. Milimita 3 tu.

Kumbe kazi ya sehemu ile ya mfupa ni kushika jino. Jino likiondoka, mwili unafanya kama kampuni kwenye hali ngumu, unapunguza wafanyakazi. Ndani ya mwaka 1 wa kwanza upana wa mfupa unaweza kupungua kwa karibu nusu, na sehemu kubwa ya hasara inatokea ndani ya miezi 3 ya mwanzo. Mimi nilikuwa nimekaa 11, jino la bandia likisugua juu yake kila siku. Ndiyo maana upande ule wa mdomo ulikuwa umeanza kubonyea kidogo, mimi nikadhani nimekonda.

Hivyo nilihitaji kwanza kuongezewa mfupa, nisubiri, ndipo kipandikizi, nisubiri tena, ndipo jino. Karibu mwaka mzima. Na bei? Bima ya kazini haikugusa hata shilingi. Jumla yake ilizidi kidogo hela tuliyokuwa tumeweka kwa ajili ya kiwanja Kigamboni.

Daktari hakutusukuma. Alitueleza kwamba kuna daraja: meno mawili ya jirani yanachongwa, yanavikwa kofia, na jino la tatu linaning'inia katikati yao. Ni haraka, wiki chache umemaliza, na bei ni ndogo. Ubaya ni kwamba jirani zangu wote wawili walikuwa wazima, na jino likishachongwa halirudi lilivyokuwa. Au ningetengeneza jino jipya la kuvua, bora zaidi kuliko la zamani. "Hakuna aibu hapo," alisema, "watu wanaishi nayo vizuri." Halafu akaniuliza swali kama anauliza saa: "Mna mpango wa kupata mtoto karibuni? Maana ukiwa mjamzito tutasubiri ujifungue kwanza. Hii ni kazi ya kupanga, si ya dharura."

Tukatazamana. Kwa mara ya kwanza baada ya wiki mbili, tukatazamana.

Usiku ule ndipo tulipogombana hasa, na nashukuru tuligombana, kwa sababu wiki mbili za ukimya zilikuwa zimenichosha. Yeye alisema kiwanja hakisubiri, bei za Kigamboni zinapanda kila kukicha. Mimi nikasema nimeishi nimefunika mdomo kwa mkono tangu nina miaka 20. Akasema ungeniambia kabla tungepanga. Hapo nikashindwa, maana alikuwa sahihi. Nikalia. Sikumwomba hela, nilimwomba msamaha, na nadhani ndiyo ilikuwa mara ya kwanza naomba bila kuweka "lakini" mbele yake.

Asubuhi alikuwa ameandika kwenye daftari: laki ngapi kwa mwezi, miezi mingapi, kiwanja kisogee mbele mwaka mmoja. Mtoto tukakubaliana baada ya jino. Hakusema amenisamehe. Alisema, "Muulize daktari kama tunaweza kulipa kwa awamu." Tukaweza.

Mfupa wa nini?

Siku ya kuongezewa mfupa, Novemba 2023, mume wangu alimsimamisha daktari kabla hajavaa glavu. "Huo mfupa unatoka kwa mnyama gani?"

Nilitamani ardhi ipasuke. Kumbe swali zuri. Chembe za kuongezea mfupa ziko za ng'ombe, za binadamu aliyechangia, za nguruwe, na za kutengenezwa kiwandani. Zinasafishwa mpaka yanabaki madini, na kazi yake ni kuwa kama kichanja ambacho mfupa wako unakipanda. Daktari akachukua boksi, akatusomea: ng'ombe. Kisha akachukua boksi la pili, la utando mwembamba unaofunika zile chembe, akanyamaza kidogo. "Huu ni wa nguruwe." Akaurudisha kabatini, akatafuta mwingine wa ng'ombe. Alisema wagonjwa wachache sana wanauliza, na anapenda wanaouliza. Basi kama una sababu ya dini au nyingine yoyote, uliza mapema, tena kwa vitu vyote viwili.

Nilishonwa, nikaambiwa nisivae jino la bandia wiki 2, kwa sababu likikandamiza pale, zile chembe zinasambaa na kazi yote inaharibika.

Wiki 2. Na Jumamosi iliyofuata ilikuwa send-off ya wifi yangu, Sinza, ukumbi mzima umejaa ukoo wa mume wangu, mimi nimo kwenye kamati, sare imeshashonwa.

Siku yenyewe nilisimama mbele ya kioo nimevaa, nimepakwa, kilemba kimekaa, na lile jino la zamani lililogundishwa kwa fundi liko mkononi. Saa nne tu, nikajisemea. Saa nne haziwezi kuharibu kitu. Mume wangu akatokea mlangoni anafunga vifungo vya shati. Akaona nilichoshika.

"Daktari alisema wiki ngapi?"

"Mbili."

"Sasa?"

"Mama yako atakuwepo. Shangazi zako. Kamera."

Akaja, akalichukua mkononi mwangu, akaliweka kwenye mfuko wa koti lake. "Wakikuuliza waambie umeanguka. Ni kweli, umeanguka." Halafu akaongeza, "Mwaka 2012, lakini umeanguka."

Tukacheka wote wawili, mimi na pengo langu.

Nitakudanganya nikisema ilikuwa rahisi. Wakati wa kutambulishwa nilibana midomo mpaka mashavu yakauma. Mama mkwe wangu aliliona mapema kabla hata ya kuketi, akanivuta pembeni, akaniuliza kama mwanawe amenipiga. Hilo sikulitarajia. Nikalazimika kumweleza yote, tangu Morogoro, pale pale karibu na spika. Alinisikiliza, akanitazama, akasema, "Haya, nenda kale keki laini." Kwenye picha za baadaye nacheka.

Siku ya skrubu

Kipandikizi kiliwekwa Aprili 2024, siku chache baada ya Idd. Watu wananiuliza sana kuhusu maumivu, kwa hiyo niseme. Sindano za ganzi ndizo nilizozisikia. Baada ya hapo ni mtikisiko na sauti, kama fundi yuko nyumba ya jirani. Tobo linachimbwa polepole, kwa keekee nyembamba kwanza, kisha pana zaidi, huku maji yakimwagika muda wote. Maji hayo si ya usafi tu. Mfupa ukipata joto la nyuzi 47 kwa dakika 1 unaanza kufa, na mfupa uliokufa haushiki kitu. Skrubu ikazungushwa mpaka ikazama, ufizi ukashonwa. Chini ya saa moja. Siku mbili nilivimba, nikanywa dawa za maumivu na mtori. Kung'oa jino la mwisho nilipokuwa sekondari kuliniuma zaidi.

Baada ya hapo, hakuna kinachotokea. Yaani hakuna unachokiona. Miezi 5 nilikuwa na jino la kuvua lililopunguzwa lisiguse ufizi pale, na usiku nililivua. Nililiweka kwenye glasi ya maji, juu ya kabati, upande wake. Wiki ya kwanza nilikuwa namgeuzia mgongo. Baadaye nikasahau kugeuka. Asubuhi alikuwa akiniuliza, "Mzizi unaendeleaje?" Nami najibu kama naulizwa habari za mgonjwa, "Anaendelea vizuri, anasalimia."

Si kila mzizi unaendelea vizuri. Daktari alituambia ukweli: zaidi ya vipandikizi 90 kati ya 100 vinakuwa bado vipo baada ya miaka 10, lakini vile vinavyobaki ni vya watu pia. Sigara ni adui mkubwa, inapunguza damu kwenye fizi. Kisukari kisichodhibitiwa ni adui. Kama unatumia dawa za kuimarisha mifupa, mwambie daktari kabla ya kitu chochote. Na mdogo wako wa miaka 14 aliyepoteza jino kwenye mpira asikimbilie huku: taya likiendelea kukua, kipandikizi kinabaki palepale na wenzake wanakiacha. Asubiri akue, avae la muda.

Kitu kingine ambacho matangazo hayasemi ni kwamba jino la asili limefungwa kwenye mfupa kwa nyuzi laini zinazocheza kidogo na zinazohisi. Ndizo zinazokuambia umeng'ata jiwe kwenye wali. Kipandikizi hakina nyuzi hizo. Hakitobolewi na wadudu, lakini fizi zinazokizunguka zikiugua, ugonjwa unateremka kwenye mfupa haraka kuliko kwenye jino la kawaida, tena kimyakimya. Kwa hiyo mswaki, uzi wa meno kila usiku, na kwa daktari kila baada ya miezi 6. Na huyo daktari, kabla hujalala kwenye kiti chake, muulize amesajiliwa na Baraza la Madaktari Tanganyika, ameweka vipandikizi vingapi, na kitu kikienda vibaya nani atalipa. Akichukia, umeshapata jibu.

Doa

Kofia ya kauri ilifungwa Septemba 2024, mwaka mmoja kamili tangu lile hindi. Mimi ni mtoto wa Arusha, na waliokulia kando ya Mlima Meru wanajua maji yetu yana floraidi nyingi; meno yangu yana madoa ya kahawia hafifu, si mengi. Fundi wa meno alitaka kujua kama nilitaka jino jeupe pee. Daktari akasema jino jeupe peke yake katikati ya wenzake ndilo linalojitangaza. Wakalipaka doa dogo kwenye pembe.

Nilifika nyumbani, nikacheka mbele ya mume wangu bila kusema kitu. Akanishika kidevu, akanigeuza kwenye mwanga wa dirisha.

"Wameweka na doa," akasema. "Lile la kwanza halikuwa nalo."

Nikaganda. "Ulikuwa umeona?"

"Tangu tulipokutana. Meno yote yana madoa, moja halina. Nikadhani hilo unalisugua zaidi."

Mkaguzi wa mahesabu huyo! Nikamwuliza kama kuna kingine anachokijua. Akasema atanijibu nikimaliza kupika.

Kiwanja bado hatujanunua. Mwezi uliopita mama mkwe alikuja kutusalimia, akakaa nami jikoni muda mrefu akizungukazunguka maneno, mwisho akaniambia kwamba meno yake yote ya chini ni ya bandia, yanacheza akiongea, na baba mkwe hajui mpaka leo. Miaka 9. Nikamweleza alichonieleza daktari wangu, kwamba kwa mtu asiye na meno kabisa taya la chini, si lazima apandikiziwe kila jino. Vipandikizi 2 tu vinaweza kuyashika meno yote kama vifungo vya shati, yakatulia, na akawa anayavua mwenyewe kuyasafisha. Wataalamu waliokutana chuo kikuu cha McGill, Kanada, walipendekeza njia hiyo tangu mwaka 2002.

Alifikiri. Akauliza bei. Akauliza mnyama gani. Kisha akasogeza kigoda.

"Na baba yenu atajua?"

"Mama, kuna siku kadhaa hutavaa kitu."

Miadi yake ni Jumanne ijayo, saa 3 asubuhi. Ameomba mimi ndiye nimpeleke, na kwamba mume wangu asiambiwe. Nimekataa hilo la pili.